SI Iliyobanwa Ubaoni

"Neno lenyewe lipo," Saliha alisema kwa mara ya tatu. "Au macho yako yamelala?"

"Lipo kama nzi ukutani," Joëlla alijibu. "We umejaza ubao kwa maandishi yako manene, halafu SI ukaisukuma pembeni."

Walikuwa wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Buyenzi, mjini Bujumbura. Tangu asubuhi walikuwa wakiandika ubao wa kuweka kwenye tangi jipya. Tangi hilo lilikusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati lenye kutu na mavi ya popo. Yalikuwa maji ya kunawa mikono na kudeki, basi. Direkta, mkuu wa shule, alitaka ubao useme hivyo kabla ya mapumziko: MAJI SI YA KUNYWA.

Herufi alizibuni Saliha mwenyewe. Zilikuwa nene na pana, A yake imetanua miguu kama kipa anayengoja penalti. Alizichora daftarini wiki mbili. Lakini siku ya kuandika hakushika rula. Aliandika MAJI, akashuka mstari wa pili na kuandika YA KUNYWA. Alipoikumbuka SI, nafasi ilikuwa imekwisha. Akaibana mwishoni mwa mstari wa kwanza, nyembamba, ndefu kama kidole.

"Umekosea, basi sema umekosea."

"Apana. Mi sijaacha herufi hata moja."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana hakukubali.

Zubeda, mama yake Saliha, aliyeandika mabango ya maduka, alikuja kuchukua brashi zake. Hakuuliza nani yuko sahihi. Aliuegemeza ubao kwenye tangi, akawapeleka wote wawili mpaka getini, akamwita Houda wa darasa la tatu, aliyekuwa akipita na kikombe.

"Soma pale, mwanangu."

"Maji ya kunywa," Houda alisoma. "Kumbe! Na mi nina kiu." Akakimbilia tangini.

Saliha alitimka. Alipomfikia, kikombe kilikuwa kimejaa nusu na kinapanda mdomoni. Alikinyakua, akamwaga maji.

"Umekunywa?"

"Bado. Kwani vipi?"

Saliha alikaa chini palepale, akavuta pumzi ndefu. Mama yake na Joëlla walipofika, alisema, "Nimekosea. Joëlla aliniambia, nikambishia."

Joëlla hakumcheka. Alimpa mkono, akamwinua.

"Maandishi manene yanaonekana kutoka barabarani," Zubeda alisema. "Kwa hiyo na kosa lake linaonekana kutoka barabarani. Pima kwanza, ndipo uandike. Na mtu akikuonyesha kosa, usimtafutie maneno. Nenda ukaangalie."

"Nizipunguze upana, mama?"

"Ya nini kuzipunguza? Ni nzuri. Tafuta neno linalozitosha."

Saliha alifikiri kidogo, kisha akaugeuza ubao upande wa nyuma, uliokuwa mweupe bado. Joëlla alishika rula. Walipima visanduku saba vilivyo sawa, wakachora kwa penseli, ndipo wakachovya brashi. Neno lilikuwa moja tu, na hakuna kipande chake ambacho kingeweza kupotea: USINYWE.

Kengele ilipolia, ubao ulikuwa umeshafungwa kwenye tangi kwa waya. Houda alisimama getini, akasoma kwa sauti, kisha akaenda kujaza kikombe chake kwenye bomba la maji safi.