Mtu Asiyekwama

Redio ya Motorola ilikoroma mara mbili, ikanyamaza, ikakoroma tena.

Mutwalibu alisimamisha Yamaha yake kando ya uzio, Walukuba, akaileta redio sikioni.

"Kahawa imeiva," ilisema sauti ya Afande Akello, toka Mbale.

"Lini?"

"Ijumaa, saa nne asubuhi. Malori mawili. Shika namba."

Alizishika kichwani. Chini ya magunia ya kahawa kungekuwa na bunduki. Nazo zingepita kwenye mizani ya ghala la ushirika, Mbale, kwa sababu katika ofisi iliyokuwa ikitengeneza programu ya mizani ile, hapa Jinja, wenye bunduki walikuwa na mtu wao.

"Malori nitayakamata mwenyewe," alisema Akello. "Kwako nataka mtu wao wa ofisini. Umempata?"

"Bado, afande."

"Leo Jumatano. Kesho jioni usiponipa jina moja, nawafunga vijana wote watatu wa ofisi hiyo. Na huyo dada, bosi wao."

Redio ikafa.

Mutwalibu alikuwa mle ofisini wiki ya tatu, kwa jina la fundi wa nyaya. Alikuwa ameingia sehemu nyingi kwa majina mengi, lakini ofisi kama ile hakuwahi kuiona. Kila asubuhi saa mbili viti vilisukumwa ukutani na watu wakasimama duara, maana mtu aliyesimama hatoi hotuba ndefu. Patience, mwenye ofisi, aliuliza kila mtu mambo matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, umekwama wapi.

Basi.

Kazi yenyewe waliikata vipande vidogo, kila kipande na kadi yake, wakazibandika ukutani kwa pini: Bado, Inafanywa, Imekwisha. Hawakungoja mwaka mzima wamletee mwenye ghala programu nzima iliyopinda. Kila wiki mbili walimpelekea kilichokwisha akitumie, akitukane, warudi kurekebisha.

Asubuhi ile Patience alianza na yeye mwenyewe: amekwama kwenye hesabu ya magunia mabovu, anaomba msaada. Douglas, mmoja wa waandika programu wake watatu, akasema printa imekwama.

"Printa ni nzima," alisema Arnold. "Aliyekwama ni wewe, mkubwa."

Wakacheka. Nicanor, kijana mpole wa Mafubira mwenye saa nzito ya Seiko, alisema jana alikuwa kwenye skrini ya lango la ghala, leo anaendelea, hajakwama.

Ikaja zamu ya Mutwalibu.

"Jana nilivuta nyaya. Leo navuta nyaya. Sijakwama."

Uongo. Siku kumi na tano, neno kwa neno. Patience alimtazama kidogo zaidi ya lazima, kisha akawageukia wote. "Atakayekwama aseme. Hapa hakuna anayekufa peke yake na tatizo."

Mutwalibu aliinamia koleo zake. Miaka kumi na minne ya kazi, na wakubwa wote walimuuliza swali moja tu: umemaliza? Chumbani kwake Mpumudde kulikuwa na godoro, redio ya Philips na bastola ya Makarov. Wa kumuuliza swali la tatu, umekwama wapi, hakuwepo.

Alhamisi ofisi nzima ilikuwa Mbale, kupeleka kilichokwisha. Mawingu yalikuwa yameulalia mlima Wanale.

Mizani ilikuwa mikononi mwa Eseza, mama mnene aliyepima kahawa miaka ishirini na kuidharau kompyuta tangu ilipotolewa kwenye boksi. Patience alimpa kadi zote zilizokwisha. Kila kadi aliisoma kwa sauti, akajaribu, akaguna. Ya mwisho ilisema: uzito ukizidi hesabu ya magunia, mashine iseme Pekua, askari wa lango apekue.

Eseza alileta lori kuukuu la ghala, akalijaza mawe juu ya magunia, akaandika namba yake kwenye mashine.

Pekua.

"Afadhali," alisema Eseza.

"Mama, jaribu na namba hii," alisema Mutwalibu, akamtajia namba ya lori la kwanza la Ijumaa.

Lori lile lile. Mawe yale yale.

Pita.

Eseza akabonyeza tena. Pita. Mutwalibu akamtajia namba ya pili. Pita.

"Nani amewaomba hii?" aliuliza. "Mimi sikuomba."

Patience alipekua kadi zote, moja moja. Hakukuwa na kadi ya kazi ile.

"Tusimame," alisema.

Wakasimama duara, pale pale kando ya lori, juu ya chuma cha mizani. Arnold jasho lilimtoka. Alikiri amekwama, haelewi kitu. Douglas akasema hata yeye.

"Jana nilimaliza skrini ya lango," alisema Nicanor. "Leo naifunga hapa. Sijakwama."

Sauti tulivu. Safi kama sahani iliyooshwa.

Mutwalibu aliijua sauti ile. Ilikuwa yake. Wiki tatu watu wa duara lile walikwama kila siku, wakasaidiana, wakachekana. Wawili tu hawakuwahi kukwama hata mara moja. Na mmoja wao alikuwa mpelelezi.

Mkono wa Nicanor ulishuka kiunoni.

Makarov ilifika kwanza.

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo kila siku, ndugu yangu," alisema Mutwalibu. "Toa mkono. Polepole."

Bastola ndogo ya Beretta ilianguka kwenye chuma. Ndani, ofisini kwa Eseza, mshale wa mizani ukatikisika kidogo, ukatulia.

Ijumaa saa nne malori yaliingia. Eseza aliandika namba. Mashine, iliyosafishwa usiku kucha na watu watatu, ilisema Pekua. Askari wa Akello walikuwa tayari wamejipanga; chini ya magunia wakazikuta bunduki.

Jumatatu saa mbili Mutwalibu alirudi Jinja kuchukua koleo zake. Walikuwa wamesimama. Duara lilikuwa na mapengo mawili. Wakasogea kidogo, moja likawa lake.

Patience alimuuliza kama anavyouliza wengine.

"Jana sikufanya kitu," alisema Mutwalibu. "Leo naondoka."

"Umekwama wapi?"

Mutwalibu aliokota koleo zake. Arnold hakutania.

"Huko ninakokwenda," alisema Mutwalibu, "hakuna wa kuniuliza hilo."

Alienda ukutani, akaivuta kadi yake ya nyaya, akaibandika kwenye Imekwisha. Nje, Motorola ilikoroma mara mbili.

Akapiga kiki Yamaha.

"Umemaliza?" iliuliza sauti.

"Nimemaliza, afande."