Managu ya Dani Tumboni mwa Calvince

Jumapili ile soko la Kibuye lilikuwa limejaa hadi ukitaka kujikuna ilibidi umwombe jirani nafasi. Calvince alikuwa ameketi juu ya rundo la mipira ya maji anayouza, akitafuna njugu, msichana aliposimama mbele yake. Gauni la manjano, raba nyeupe, nywele zimesukwa na kufungwa juu kama taji. Calvince alisahau njugu mdomoni.

"Nataka mpira. Futi thelathini, ulio laini, unaokunjika kila mahali."

"Shamba lako liko wapi, jaber?" Alimwita mrembo kwa Kijaluo mara ya kwanza tu kumwona, bila aibu.

"Si shamba. Ni utumbo."

"Wa nani?"

"Wako, ukicheza. Urefu wake ni karibu hivyo, kutoka mdomoni mpaka mlango wa nyuma."

Aliitwa Debra. Kliniki moja ya Milimani ilikuwa ikijaribu roboti ndogo kama tembe, yenye kamera na taa. Unaimeza, kisha mtu anaiendesha kutoka nje kwa sumaku, nayo inachungulia tumbo kona kwa kona. Debra ndiye mwendeshaji, na mpira ulikuwa wa mazoezi.

"Kumbe wewe ni dereva wa matumbo! Na makanga ni nani?"

"Hiyo nafasi bado iko wazi," Debra alisema, akaondoka na mpira begani na moyo wa Calvince mkobani.

Jioni hiyo hiyo Calvince alijipeleka Milimani na klipu za chuma za kufungia mpira, eti kona za utumbo lazima zifungwe na fundi. Walifunga ya kwanza pamoja, vidole vikigongana. Miezi mitatu baadaye kona zilikuwa zimekwisha zamani, lakini fundi bado alikuwa anakuja.

"Mama yangu alikufa kwa tumbo," Debra alimwambia siku moja. "Walipoona ugonjwa, ulikuwa umeshamaliza kazi. Lakini hizi roboti, Calvo, siku moja zitabeba dawa zenyewe, zifunge kidonda huko huko ndani bila kisu. Na mgonjwa yuko hapa hapa Kisumu, jioni anarudi nyumbani kwake."

Kliniki ilipotafuta watu wa kujitolea kumeza, Calvince alinyoosha mkono hata kabla ya kuulizwa. Sharti lilikuwa moja: usile chochote tangu jioni ya kuamkia siku ya kipimo.

Jamani, angekaa tu nyumbani kwake Migosi! Lakini yeye, siku moja kabla, alikwenda kijijini Luanda Kotieno kimyakimya kumwona Dani Aloo, bibi aliyemlea Debra, amweleze kuwa anataka kumuoa. Akamkuta ameshika tumbo.

"Linanichoma tangu Krismasi," Dani alisema. "Na ukimwambia Debra, humuoi. Atanipeleka kwa watu wa visu. Apa!"

Calvince akaapa. Alilala huko, na asubuhi ya kipimo, akiwa tayari kuondoka, aliwekewa sahani: samaki mzima, ugali, na managu yaliyochemshwa kwa maziwa siku tatu.

"Dani, nimekatazwa kula."

"Anayekataa mboga yangu anamtakia nini mjukuu wangu?"

Alikula. Kusema kweli, alilamba sahani.

Saa nane mchana alikuwa chali kitandani Milimani, roboti imeshuka, Debra ameshika usukani, Daktari Nabalayo ametoa macho kwenye skrini. Skrini ikawa kijani.

"Hii ni nini?" Debra aliuliza.

"Managu," alisema daktari, mama wa Bungoma ambaye kwa mboga huwezi kumdanganya.

"Ya maziwa," Debra akaongeza polepole. "Calvince, wewe chakula chako ni chapati ya kibandani. Hii imepikwa siku tatu. Mwanamke gani amekuchemshia mboga siku tatu?"

"Debra, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi na mboga ya mwenzangu iko tumboni mwako!"

Daktari alisema kipimo kitarudiwa Alhamisi, na mtu mwenye adabu. Debra alivua glavu akatoka. Calvince alimpigia simu mara tatu, ya tatu ikashikwa.

"Nipe jina tu."

"Siwezi, jaber. Nimeapa."

"Umemwapia yeye? Basi kaa naye."

Simu ikakatwa. Calvince alikaa juu ya mipira yake, hata wateja akawaambia wajihudumie. Mwisho akapiga Luanda Kotieno.

"Dani, umenimaliza. Roboti imeona managu."

"Imeona?"

"Yote."

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa. Na mwiba wa samaki umesimama kama nguzo ya stima!"

Dani alicheka mpaka akakohoa. "Mimi nilidhani ni mambo ya kubahatisha. Kama inaona mpaka maziwa, basi itaona kinachonichoma. Alhamisi ni saa ngapi?"

Alhamisi Dani alifika kliniki amevaa kitambaa cheupe na viatu vya kanisani. Debra alimkimbilia.

"Dani! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kumeza. Sijakula tangu jana, si kama huyu wako. Na umwache, managu ni yangu. Nilimlisha kwa nguvu nikamwapisha asiseme ninaumwa."

Debra aligeuka. Calvince alikuwa mlangoni, amenyoa, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Ungenikosa hivyo hivyo, umenyamaza tu?"

"Nilikuwa nakukosa tayari, jaber. Siku tatu, kama mboga."

Debra alicheka huku akifuta machozi, akashika usukani. Dani akameza roboti, ikaanza kushuka.

"Dereva," Calvince alinong'ona nyuma yake, "kona hiyo polepole."

Debra akaizungusha taratibu. Kwenye ukuta wa tumbo kikaonekana kidonda, kidogo kama punje ya mahindi.

"Tutakipima zaidi," alisema Daktari Nabalayo, "lakini tumekipata mapema. Hiki ni cha kutibika."

Debra alishusha pumzi ndefu. Alipogeuka, Calvince alikuwa amepiga goti, kiganjani ana klipu ya mpira.

"Pete ya dhahabu inakuja. Hii ni ile ya kona ya kwanza. Nimeifungua kwenye utumbo wako wa mazoezi. Utanioa?"

"Mimi ndiye nikuoe, mjinga wewe?" Lakini kidole kilikuwa kimeshanyooshwa.

Dani Aloo, roboti bado iko tumboni, aliinua kichwa kutoka kitandani.

"Kaza vizuri, mwanangu," alisema. "Isivuje."