Jeraha la Mtakatifu

Kila Jumamosi asubuhi Bibi alifagia kanisa, na mjukuu wake akapangusa mabenchi. Mtoto huyo aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumamosi hiyo walikuwa na haraka. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wao, mmisionari wa kale aliyeuawa kwa kukataa kuikana imani yake. Sanamu yake ya plasta ilisimama karibu na dirisha. Bibi alipotoka kuchota maji, Chiriku aliona doa jekundu shingoni mwa sanamu.

"Maskini babu wa watu, umeachwa mchafu siku ya sherehe yako!" alisema. Akachukua sabuni na brashi, akasugua mpaka shingo ikatakata.

Bibi alirudi na ndoo, Padri akiwa nyuma yake. Padri alipoiona sanamu, alishika kichwa. "Jeraha la upanga liko wapi?" Akamwita kupitia dirishani fundi rangi, aliyekuwa akimalizia ukuta wa nje. "Fundi, nilikwambia usiiguse sanamu! Basi, kazi ya milango nitampa mwingine."

"Sijaigusa, Padri, haki ya Mungu."

Padri hakumwamini. Fundi akainama, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Chiriku alipima moyoni. Akisema, huenda asibebe maua mbele ya maandamano kesho, heshima aliyoingoja mwaka mzima. Asiposema, fundi, aliyempenda kwa vichekesho vyake, ataondoka na fedheha isiyo yake.

Bibi alimtupia jicho. "Chiriku kanyamaza? Hapa kuna jambo."

"Ni mimi," Chiriku alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani ni uchafu. Nilitaka apendeze."

Padri alimkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka. Alimwomba fundi radhi mbele yao, akamrudishia kazi ya milango. Fundi alichanganya rangi, Chiriku akamshikia kopo, na jeraha likarudi mahali pake.

"Na maua, Padri?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Utabeba, binti yangu."

Bibi alimvuta kifuani. "Kufanya kosa si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kumwacha mwenzako aubebe mzigo wako. Huyu mtakatifu hakuukana ukweli mbele ya upanga. Wewe hukuukana mbele ya Padri, na Padri akikasirika si mchezo! Nakupenda kwa hilo. Ila sabuni, kuanzia leo, nitaishika mwenyewe."