Baada ya Dripu ya Mwisho

Fundi alikuwa mshona viatu. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mkabala na lango la hospitali, na wateja wake wengi walikuwa wauguzi, watu wa kusimama kutwa. Alikuwa mcheshi. Ukimletea kiatu kilichoachama mbele, angekuuliza, "Hiki kimeambiwa nini mpaka kikacheka hivi?" Kazi yake ilikuwa ya sindano na maneno.

Nyumbani, maneno yalikuwa yamemwishia.

Mkewe aliitwa Mama Pasi. Alikuwa amepiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa kwa miaka kumi na mitatu. Watu walisema shati likitoka mikononi mwake, nzi akitua anateleza. Kisha akaona uvimbe katika titi la kulia. Hakungoja. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ni saratani. Walimpasua, wakaondoa titi pamoja na tezi za kwapani. Baada ya hapo zikafuata dripu za dawa kali, miezi sita mfululizo.

Siku ya dripu ya mwisho majirani walijaa sebuleni. Vigelegele vikapigwa. "Umepona! Shukuru Mungu!" Fundi naye alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alidhani mambo yamekwisha.

Miezi tisa ikapita. Mama Pasi hakurudi kazini. Alishinda chumbani, pazia limefungwa, amevaa sweta la mikono mirefu hata jua likiwaka. Chai ilipoa mbele yake. Usingizi hakuwa nao, na chakula alikigusa tu. Binti yao, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyekuwa akipika, akifua na kufagia.

Fundi alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni. Alihamia pale baada ya upasuaji, ili asije akaugusa mshono wa mkewe. Kidonda kilipona, yeye akabaki kwenye kochi. Hakuna aliyemfukuza chumbani. Hakuna aliyemwita arudi.

Asubuhi moja walikuwa mezani, mkate na chai.

"Mama, leo si siku ya kliniki?" aliuliza binti.

"Ndiyo. Nitakwenda."

"Nikusindikize?" aliuliza Fundi.

"Kibanda utamwachia nani? Nenda kazini, baba. Mimi si mtoto."

Jioni Fundi aliporudi alimkuta amekaa vilevile, kwenye kiti kilekile.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema sijambo."

"Mungu mkubwa! Basi changamka, mke wangu. Wenzako wameshazikwa, wewe uko hai. Unataka nini tena?"

Mama Pasi alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Fundi alibaki pale mezani. Hakujua kosa lake lilikuwa lipi.

Siku mbili baadaye muuguzi wa kliniki ya saratani alileta kiatu kilichong'oka kisigino. Watu walimwita Sista Miwani, maana miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa.

"Habari za nyumbani, Fundi?"

"Nzuri, Sista. Mgonjwa wako si ulimwona juzi? Kaniambia hajambo kabisa."

Sista Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," alisema polepole, "habari za mgonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Si kazi yangu kuzitembeza. Nenda nyumbani ukazungumze na mkeo. Usiende na ukali. Mwambie Sista anamsalimu, na mlango wetu uko wazi."

Fundi alielewa kwamba mkewe hakufika kliniki. Gundi ilimkaukia vidoleni. Alifunga kibanda saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mlango wa chumbani ulikuwa umerudishwa tu. Aliusukuma. Mama Pasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevua sweta, ameupakata mkono wake wa kulia kama mtoto mchanga. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia bega hadi vidoleni. Ngozi ilikuwa imetuna, inang'aa.

Alivuta sweta haraka. "Umeanza lini kuingia bila kubisha hodi?"

"Tangu lini nabisha hodi chumbani kwangu?"

"Tangu ulipohama."

Neno lile lilimwingia Fundi. Aliketi sakafuni.

"Hukwenda kliniki," alisema.

"Sikwenda. Na mara iliyopita sikwenda. Nilikaa kituo cha basi mpaka saa tisa, kisha nikarudi."

"Kwa nini, mama?"

"Mwalimu amekufa."

Fundi alimkumbuka. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, mwalimu wa hesabu. Yeye na Mama Pasi walikuwa wakikaa viti vya jirani siku za dripu, kila mtu na chupa yake juu ya kichwa.

"Lini?"

"Yapata miezi minne sasa. Nilisikia pale kliniki, kwenye benchi, mtu anasema tu kama anataja bei ya sukari. Yule ndiye aliyekuwa akinishika mkono sindano ikiingia. Alikuwa na nguvu kunishinda, na umri mdogo kunishinda. Amekwenda, mimi nimebaki. Hata msibani sikwenda. Ningemtazama mama yake kwa macho gani? Kisha mkono ukaanza kuvimba. Nikajua zamu yangu imefika. Sikutaka kwenda kuambiwa."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Wewe?" Sauti ilimkatika. "Wewe umeniambia nichangamke. Wewe hata kitanda umekihama. Nikasema, amenikinai. Nami sikulaumu. Mimi mwenyewe kioo sikitazami."

Fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Sikukukinai. Siku uliyotoka hospitali nilijigeuza kitandani, ukaguna kwa maumivu. Nikaogopa. Nikasema nitalala nje mpaka upone. Halafu sikujua pa kuanzia. Nilidhani hunitaki karibu."

Walitazamana. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aseme. Fundi alianza kulia, kwanza kimya, kisha kwa sauti, na Mama Pasi akalia naye. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyumba ile ilikuwa imebakiza kidogo tu ifikwe na msiba.

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja. Langoni Mama Pasi alisimama, akasema, "Siwezi." Fundi hakumvuta. Alisimama naye palepale, watu wakiwapita, mpaka alipouinua mguu mwenyewe.

Hakuna aliyemkaripia. Daktari alimpima kifua, kwapa na mkono, akaagiza vipimo zaidi. Kisha Sista Miwani akawaketisha katika chumba kidogo.

"Tuanze na mkono," alisema. "Mwilini kuna majimaji yanayopita kwenye mifereji midogo. Kwapani ndipo penye njia zake. Tulipoondoa tezi, njia zikapungua. Majimaji yakikosa pa kupita, mkono unavimba. Mara nyingi si saratani iliyorudi. Lakini huwezi kujua kwa kukaa kituo cha basi. Lazima upimwe."

Mama Pasi aliinamisha kichwa. Sista akamwekea mkono begani.

"Ungekuja mwanzoni tungeupunguza kwa urahisi. Hata sasa utapungua, ila kwa subira. Nitakufundisha mazoezi. Utavaa mfuko wa kubana mkono. Ngozi yake ilinde kama yai. Isikatwe, isiungue. Ukiona wekundu, joto au homa, njoo siku hiyohiyo."

"Na pasi?" aliuliza Mama Pasi.

"Pasi nzito na mvuke, kwa sasa hapana. Tutaona baadaye." Sista alivuta pumzi. "Sasa tuje kwenye moyo. Unalala?"

"Silali."

"Kuna kitu kinachokufurahisha?"

"Hakuna, Sista."

"Tangu lini?"

"Tangu waliponipigia vigelegele."

Sista alitikisa kichwa kwa upole. "Wengi huanguka hapo. Wakati wa dripu una kazi moja, kuvumilia. Dripu zikiisha, watu wanarudi makwao, na wewe unabaki na hofu, na kovu, na marehemu wako. Huo si utovu wa shukrani. Huzuni ikipita wiki mbili, mtu halali, hali, hataki lolote, huo nao ni ugonjwa, na una tiba. Tuna mshauri hapa. Dawa pia zipo, zikihitajika. Na kila Alhamisi wanawake waliopitia haya hukutana chumba cha nyuma."

"Mimi nilimwambia achangamke," alisema Fundi.

"Wengi husema hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Fundi aliinamisha macho. Sista hakujua methali ile ilikuwa imempiga mahali gani.

"Basi nimwambie nini, Sista?"

"Usimwambie sana. Muulize, leo vipi? Kisha ungoje jibu, hata likichelewa, hata likiwa baya."

Majibu ya vipimo yalichukua wiki moja. Ilikuwa wiki ngumu. Fundi alishona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, na hakuna aliyecheka. Siku ya majibu daktari alisema, "Saratani haionekani. Mkono ni majimaji tu. Ila uje kila miezi mitatu, bila kukosa. Nami siwezi kukuahidi kwamba haitarudi kamwe. Nakuahidi kwamba ukija, tutaiona mapema."

Mama Pasi hakuruka wala kushangilia. Alisema tu, "Nimesikia." Lakini mchana ule alikula.

Usiku mmoja Fundi aliubeba mto wake kutoka kwenye kochi, akasimama mlangoni mwa chumba nao, kama mtu aliyeleta mzigo wa watu.

"Unangoja nini?" aliuliza Mama Pasi.

"Naogopa mkono."

"Lala upande wa kushoto. Mkono uko kulia." Kisha akasema, "Kovu ni baya. Nakwambia mapema."

"Nimeona viatu vibaya zaidi," alisema Fundi, na papo hapo akataka kuyarudisha maneno. Lakini Mama Pasi aliguna, na mguno ule ulikuwa na cheko ndani yake, dogo sana.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Kila asubuhi Mama Pasi alisimama ukutani kufanya mazoezi, vidole vikipanda polepole kama mjusi, na binti akaweka alama ya penseli vilipofika. Kuna siku havikuvuka alama ya jana. Kuna siku hakutoka kitandani, na Fundi aliuliza, "Leo vipi?" akajibiwa, "Leo mbaya," akakaa naye. Alhamisi ya kwanza kwenye kikundi hakusema neno. Ya pili pia. Ya tatu alitaja jina la Mwalimu, na wanawake watano wakasema walimjua. Uvimbe ulipungua, haukuisha. Dobi alimrudisha kazini nusu siku, kukunja nguo na kuwaelekeza wapiga pasi wapya.

Miezi mitatu ilipotimia alikwenda kliniki, Fundi ubavuni. Walipotoka, Mama Pasi hakuelekea nyumbani.

"Twende kwa mama yake Mwalimu," alisema.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mzee, mwembamba. Mama Pasi alisimama kizingitini.

"Mama, pole. Nimechelewa kuja. Mimi nilikuwa nikikaa kiti cha jirani na Mwalimu, siku za dripu. Niliona haya kuja, kwa sababu mimi bado nipo."

Mzee alimshika mikono yote miwili, ule uliovimba kwa uangalifu zaidi.

"Bado upo," alisema. "Nilidhani mmekwisha wote. Kila nikipita lile lango la hospitali nasema, humu hatoki mtu. Ingia, mwanangu. Kaa hapa kwenye mwanga nikuone."

Mama Pasi aliketi. Mzee alimwuliza siku zile zilikuwaje, na mwanawe alikuwa akisema nini. Fundi alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Akamsikia mkewe akisimulia, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, huku analia, na hakuacha kusimulia.