Ukuta Uliokataa Rangi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Kija Maganga alifungua madirisha ya maktaba ya shule na kuanza kufagia. Alikuwa kiranja wa usafi, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya kijijini, si mbali na Sapiwi. Zamani alifagia vumbi na matope ya viatu. Tangu mvua za Novemba zianze, alikuwa anafagia rangi.

Rangi ile ya krimu ilikuwa imepakwa mwezi Septemba. Sasa ilivimba malengelenge, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande juu ya vitabu. Kija alikusanya vipande hivyo kwenye ndoo. Kesho yake alikuta vingine.

"Hiyo si rangi, huo ni uji," alisema Malimi, mvulana wa darasa lao, akichungulia dirishani. "Mama yake Winnie kakoroga uji wa muhogo, katupakia ukutani."

Winnie, mwanafunzi mwenzao, alikuwa nyuma yake na alisikia. Aliondoka akaenda kukaa peke yake karibu na tanki la maji.

Mama yake Winnie, Bi Judica, alikuwa mkandarasi wa rangi. Alifanya kazi hiyo Tanga miaka kumi na mmoja, akipaka nyumba zinazotazama bahari, kabla mumewe hajahamishiwa ofisi za Lagangabilili. Huku Simiyu hakujulikana na mtu. Maktaba ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Ikisimama vizuri, angepewa kupaka zahanati pia. Ikiharibika, nani angemwita tena?

Kamati ya shule ilikwishaamua. Ijumaa angeitwa, asomewe makosa yake, na barua iende kwa viongozi wa kata kwamba asipewe kazi yoyote ya umma.

Kija alijua kwamba mama huyo hana kosa. Alijua tangu mwanzo, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Kijiji chao ni cha pamba na ng'ombe. Nyumba nyingi huvuja, na chumvi ya ng'ombe haitaki maji. Basi kila likizo ya Desemba kikundi cha wafugaji kilihifadhi mifuko yake ya chumvi ndani ya maktaba, kwa kuwa ina bati zima na kufuli. Ufunguo alikuwa nao baba yake Kija, mzee Maganga, mjumbe wa kamati. Mifuko iliegemezwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Chumvi ilivuta unyevu, ikalowa, ikanywewa na ukuta. Wajumbe wanne kati ya saba wa kamati walikuwa na mifuko yao mle. Hakuna mjumbe aliyekuwa hajui.

Bi Judica alipokuja kukagua kabla ya kupaka, alipitisha kiganja ukutani. "Chumba hiki kilikuwa kinawekwa nini?" aliuliza.

"Madawati tu, mayu," alijibu mwenyekiti wa kamati, mzee Ndaki, akimwita mama kwa Kisukuma. "Madawati na vitabu."

Kija alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Siku moja kabla, baba yake alimwagiza yeye na wenzake wasugue kuta zile kwa maji na brashi, mpaka ule unga mweupe uliokuwa umechanua juu yake ukaisha. Alidhani ni usafi wa kawaida. Aliposikia neno madawati, alielewa alichokuwa ametumwa kuficha.

Alhamisi jioni, alimfuata baba yake zizini.

"Baba, ile chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya maktaba. Kesho wanamhukumu mama Winnie."

Mzee Maganga aliendelea kufunga kamba ya ndama. "Watamwambia maneno mawili, ataondoka, yataisha. Kwani fundi Januari alikufa?"

Fundi Januari alikuwa kijana aliyepaka chumba kile kile mwaka juzi. Rangi ilipobanduka, walimwita mwizi. Walisema ameuza rangi na kupaka chokaa. Walimfukuza na ngazi yake begani, na watoto, Kija akiwemo, walimzomea hadi barabarani. Sasa anabeba marobota ya pamba huko Maswa, na hakuna anayempa brashi.

"Hakufa," alisema Kija. "Lakini hakuiba."

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, baba."

"Basi kaa kimya kama mtoto wangu."

Ijumaa mchana kamati ilikaa katika chumba cha darasa la sita. Bi Judica aliketi mbele, kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigonga ubao wake. Mwalimu mkuu, Mwalimu Clement, alikuwa mgeni shuleni hapo, na hakujua habari za chumvi. Alimwita Kija aeleze alichokiona.

"Kija, umefagia rangi mara ngapi?"

"Kila siku, mwalimu. Wiki tatu." Aliweka chini ndoo iliyojaa vipande.

"Mmeona wenyewe," alisema mzee Ndaki. "Huyu ni yule yule Januari, ila amevaa gauni. Asante, mtoto. Nenda."

Kija hakwenda.

"Kuna kingine, mwalimu. Mle ndani kulikuwa kunawekwa chumvi ya ng'ombe. Kila Desemba. Mimi na wenzangu tuliusugua ukuta ili mama Winnie asione."

Wazee waliangalia viatu vyao. Watu hao hao, ng'ombe wa mtu akiingia shamba la mwenzake, husimama wakasema mpaka jua linazama.

"Huyu mtoto amefundishwa," alisema mzee Ndaki. "Ni rafiki wa binti wa huyu mama. Nani kakufundisha, wewe?"

Kama Kija angemtaja baba yake, angelala wapi? Kama asingemtaja, nani angemwamini? Kisha akasikia benchi likisogea nyuma yake.

"Hajafundishwa," alisema mzee Maganga. "Ufunguo ninao mimi. Mifuko niliipanga mimi, na ya kwako ilikuwemo, Ndaki. Hata mwaka wa yule kijana ilikuwemo."

Bi Judica alisimama bila kuomba ruhusa, akatoka hadi maktaba. Wote walimfuata. Alibandua kipande cha rangi, akalowesha kidole, akagusa lipu iliyokuwa chini yake, akaonja.

"Chumvi," alisema taratibu. "Kule Tanga huletwa na upepo wa bahari. Nilidhani nimeiacha huko. Chumvi ikiingia kwenye ukuta huita maji, na maji huisukuma rangi nje. Hakuna rangi duniani itakayokaa hapa. Mngeniambia, ningewaambia tubandue lipu kwanza."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Mwalimu Clement.

"Lipu itoke yote mpaka kwenye tofali. Ukuta ubaki wazi hadi kiangazi. Na wabanduaji wasiwe wanafunzi."

Hapo hapo mwalimu mkuu aliichana barua iliyokuwa tayari kwenda kwa viongozi wa kata. Aliandika nyingine, wajumbe wote saba wakatia saini, ya kumwomba radhi Bi Judica. Mzee Maganga akataka iandikwe na ya Januari, akaipeleka Maswa mwenyewe. Januari aliisoma, akaikunja, akasema amesikia. Hakurudi. Miaka miwili ya mtu hairudishwi kwa karatasi.

Likizo ya Desemba wafugaji waligonga lipu ile kwa nyundo na tindo siku tisa. Mifuko yao waliijengea banda. Mwezi Juni ukuta ulipigwa lipu mpya, ukakauka vizuri, na Agosti Bi Judica akaja na rola zake. Mvua za Novemba zilipiga siku nne mfululizo. Rangi haikuvimba.

Siku maktaba ilipofunguliwa tena, Mwalimu Clement alimwomba Bi Judica aseme neno mstarini.

"Watu wazima saba walikuwa na jibu," alisema. "Wengine waliweka chumvi yao mle, wengine waliona wakanyamaza. Kila mmoja alingoja mwenzake aseme, na kwa kungoja huko kijana mmoja alipoteza kazi yake. Msikue mkawa hivyo. Ukijua mtu anaonewa, sema mapema, hata kama wa kwanza kuguswa ni wewe mwenyewe au mzazi wako. Kija alichelewa miezi miwili, na anajua kwamba alichelewa. Lakini alisema, na baba yake akasimama. Ndiyo maana leo nipo hapa."

Kisha akafungua mlango, akawaruhusu darasa la kwanza waingie kwanza, kwa kuwa wao ndio watakaokitumia chumba hicho miaka mingi zaidi.