Alama Chini ya Bakuli

Kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku hakwenda nyumbani kama wenzake. Alivuka uwanja hadi darasa la chekechea, alikofundisha mama yake, akavua viatu mlangoni na kushika ndoo. Brashi za rangi zilikuwa zikimngoja, pamoja na aproni zilizokakamaa kwa udongo na sakafu iliyojaa nyayo ndogo ndogo. Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jioni kama hizi hata kusema alikuwa anaona kazi.

Mama yake alikuwa amechoka hoi. Aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu, macho ameyafumba.

"Mama, kwani huwezi kufundisha kama walimu wengine?" Chiriku aliuliza huku akisugua. "Unaandika ubaoni, wao wananakili, basi. Sakafu inabaki safi."

"Nilifundisha hivyo miaka sita," Mama alijibu. "Walinakili vizuri sana. Ukiwauliza walichonakili, wanakutolea macho tu."

Katika darasa lake watoto walihesabu kwa mbegu walizozipanda wenyewe. Walijifunza siku za juma kwa kuimba na kupiga makopo, na wiki hii walifinyanga mabakuli. Sheria ilikuwa moja: mkubwa hagusi kazi ya mtoto. Kwa kuwa walikuwa hawajajua kuandika majina yao, kila mtoto alibonyeza kidole gumba chini ya bakuli lake. Mmoja alibonyeza mara moja katikati, mwingine mara mbili pembeni, na kila mtoto aliijua alama yake.

Lakini kesho yake, Jumamosi, kamati ya wazazi ilikuwa inakuja kulikagua darasa hilo. Mwenyekiti wake alikuwa fundi mwashi, baba wa mtoto wa miaka mitano aliyeitwa Kimya kwa sababu maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole. "Udongo uwahi ungali maji," fundi alikuwa ameshamwambia mwalimu mkuu, "na huyu anawaacha watoto wauchezee!" Kama kamati isingeridhika, meza za kufinyangia zingetolewa na Mama angerudishwa kwenye kunakilisha.

Mama alipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Chiriku alibaki peke yake na mabakuli ishirini na mawili yaliyopangwa rafuni. Aliyatazama, akavunjika moyo. Moja lilikuwa limelalia ubavu, jingine lilikuwa na mdomo uliopinda, na la Kimya lilikuwa na kitako kinene kupita kiasi. Alimfikiria fundi mwashi, mtu anayepima kuta kwa timazi, akiyacheka haya mbele ya watu. Akamfikiria mama yake akirudi nyumbani bila sauti, kama ile miaka sita ya kunakilisha.

Akalowesha kitambaa. Alinyoosha midomo, akapunguza vitako na kulainisha kila bakuli ndani na nje, juu na chini. Mikono ilimuuma, lakini hakuacha hadi alipomaliza la mwisho. Mama aliporudi kichwa kilikuwa kinamgonga, hata hakutazama rafu. Walifunga mlango wakaenda zao.

Asubuhi wazazi walijaa darasani, nao watoto waliketi mkekani. Fundi mwashi alichukua bakuli moja, akaligeuza mkononi, uso ukamkunjuka.

"Mwalimu, kumbe! Hii ni kazi ya watoto hawa?"

Mama aliitazama rafu. Chiriku, aliyesimama karibu na dirisha, aliona jinsi uso wake ulivyobadilika.

"Watoto," Mama alisema polepole, "kila mmoja achukue bakuli lake."

Watoto wakakimbilia rafuni. Waligeuza bakuli la kwanza, la pili, la tatu, wakitafuta alama za vidole vyao. Hakukuwa na hata moja. Binti mmoja akaanza kulia, na jirani yake akamsaidia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya aliyakagua yote ishirini na mawili, akayarudisha taratibu.

"Langu halipo," alisema.

Fundi mwashi alilitua bakuli. "Mwalimu, umefinyanga wewe ili utufumbe macho?"

Mama hakujitetea, wala hakumtaja mtu. Alisimama tu, mabega yamemshuka, na uchovu wake wote ukaonekana. Chiriku alijua kwamba akikaa kimya hakuna atakayemgundua. Alijua pia kwamba mama yake angeitwa mwongo mtaa mzima. Akapiga moyo konde.

"Si yeye. Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Mabakuli yao yalikuwa yamepinda. Niliogopa mtayacheka na kumfukuza Mama kwenye darasa hili. Nikayalainisha, na alama zao nikazifuta. Naombeni mnisamehe."

Fundi alimtazama, kisha akamtazama Mama. "Basi tuone wanachojua wenyewe."

Mama alifunua gunia bichi lililofunika udongo, akawagawia. Darasa lilitulia. Vidole vidogo vilivingirisha udongo na kuuzungusha tabaka juu ya tabaka. Fundi alichuchumaa karibu na mwanawe.

"Mbona chini umeweka udongo mwingi hivyo?"

"Nikiweka kidogo, linaanguka," Kimya alisema. "La kwanza lilianguka. La pili nikaweka vidole viwili, likaanguka. Hili vidole vitatu."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Lilianguka tu."

Fundi aliinuka. "Mimi msingi nilifundishwa na ukuta ulioniangukia," aliwaambia wazazi hatimaye, "na nilishaota ndevu. Meza hizi zibaki." Akaondoka amebeba bakuli la mwanawe kwa mikono miwili, limepinda vilevile, na alama ya kidole gumba chini yake.

Watu walipokwisha kutoka, Mama aliweka ndoo ya maji mbele ya Chiriku. "Yale ya jana, loweka. Yawe udongo tena."

"Mama, nilitaka kukusaidia."

"Najua, mwanangu. Lakini bakuli lililopinda humwonyesha mtoto alipokosea. Ukilinyoosha wewe, umemnyang'anya somo lake, na umemwambia kazi yake haifai. Na mimi ungeniachia sifa ya uongo niilinde kila siku. Hiyo inachosha kuliko kusugua sakafu hii miaka mia." Akamfuta machozi kwa ncha ya aproni. "Leo umesema kweli ilipokuwa ngumu kusemwa. Hiyo ndiyo iliyoniokoa."

Chiriku aliyatumbukiza mabakuli moja moja, yakalegea majini. La mwisho ndilo lililokuwa laini kuliko yote, na jana alikuwa amelijivunia sana. Alilitumbukiza nalo. Kisha wakachukua vitambaa, Mama akaanzia upande wa mlangoni, yeye wa dirishani, wakasugua sakafu hadi walipokutana katikati.