Mashahidi Arobaini kwenye Seva ya Majaribio

Mlango wa chumba cha seva ulijifunga nyuma yake.

Sindano akagusisha kadi. Taa nyekundu. Kadi yake ilikuwa imefutwa.

"Umenasa, dada." Sauti ya meneja wa mifumo ilitoka kwenye spika ya ukutani. "Tulia. Wageni wangu wako kwenye lifti."

Dakika sita, labda tano.

Kwa wiki tatu jasusi huyu alijifanya mpimaji wa programu katika kampuni iliyotengeneza mfumo wa kuwaficha mashahidi. Mfumo wenyewe ulilindwa kama mboni ya jicho. Lakini wapimaji, waliochoshwa na data ya kubuni iliyoangusha majaribio yao kila kukicha, walinakili taarifa za mashahidi arobaini wa kweli wakaziweka kwenye seva ya majaribio. Seva isiyo na mlinzi. Meneja akakubali kuwauzia data hiyo wasafirishaji wa silaha za magendo, wageni wake wa leo.

Sindano akafungua kompyuta yake ya ThinkPad, akaingia kwenye seva hiyo. Majina. Nyumba. Mstari mmoja aliusoma mara mbili: binti, miaka saba, anaogopa mbwa.

"Mzee, nimefungiwa," alinong'ona kwenye kidude cha sikioni.

"Kikosi kinakuja, mwanangu," mkuu wake alijibu. "Futa kila kitu!"

"Wakikuta patupu, meneja atanakili upya. Kikosi kisije. Kibaki hapo hapo. Nipe anwani ya hapo kilipo."

"Na wewe?"

"Anwani, mzee!"

Akaipata. Vidole vikakimbia. Majina aliyaacha. Miaka ya kuzaliwa aliiacha. Nyumba zote akazibadilisha kwa za kubuni, isipokuwa ya shahidi mkuu, dereva wa zamani wa bosi wa magendo. Huyo alimhamishia penye kikosi.

Mlango ukafunguka. Meneja na wageni wake, bastola tatu. Wakamnyang'anya bastola yake ya Beretta, wakamfunga mikono kwa waya wa mtandao; kidude cha sikioni hawakukiona.

Bosi, kipara mwenye pumzi nzito, akainamia skrini ya seva. "Nioneshe dereva wangu."

Jina, sawa. Mwaka wa kuzaliwa, sawa.

Sindano alimtazama akiisoma anwani.

"Ndiye huyu, msaliti!" Bosi akacheka. "Tunaanza naye. Meneja, mlinde huyu bibi. Tukirudi tutamalizana."

Wakaondoka. Meneja akabaki ameketi mlangoni, bastola yake pajani, Beretta ya Sindano miguuni.

Nusu saa. Ubaridi wa mashine ulimla mifupa. Kama kikosi kimechelewa? Kama bosi ameshtuka? Hakuwa na pa kukimbilia wala cha kufanya.

Kidude cha sikioni kikakwaruza.

"Tumewazoa wote, mwanangu. Hata risasi moja haikulia."

Akashusha pumzi. "Kaka, wageni wako hawarudi. Nifungue, ukawaeleze polisi kwamba ulinifungua."

Meneja akapiga simu ya bosi. Ikapokewa na ofisa wa polisi. Bastola ikamdondoka.

"Lakini data ilikuwa sahihi!" alilia, akihangaika kumfungua Sindano waya mikononi. "Nimeiona kwa macho yangu!"

"Data ya majaribio inatakiwa ifanane na ya kweli, kaka," alisema Sindano, akiokota bastola zote mbili. "Hamkupaswa kuwaweka watu humo."

Akachukua kadi ya meneja, akamfungia ndani, akashuka kwa ngazi, polepole.